Bunduki Saba Nilizozilainisha

Juzi binti mmoja wa Kikenya, Njeri, nesi hapa Saint Paul, alinipigia simu. Alikuwa amenunua bunduki yake ya kwanza ya kuwinda kulungu, ile ya bolti ya bei ya chini kabisa dukani, yenye kitako cha plastiki nyeusi. "Anti Rehema," akasema, "triga yake ni ngumu sana. Nime-watch video, jamaa anakata springi kidogo tu, ina-take dakika kumi. Unaweza kuniazima ile tupa yako ndogo?"

Nilimwambia asiguse kitu, aje nyumbani kwanza. Nilipokata simu nikashindwa kukaa. Nilizunguka meza ya jikoni, nikatoka barazani, nikarudi, nikafungua droo ya vifaa na kuifunga. Tangu nistaafu ndivyo nilivyo. Daktari ananiambia nipumzike, nami nashinda nikinoa visu vya majirani ambao hawakuniomba. Lakini siku ile haikuwa mikono tu iliyonisumbua. Ndiyo maana nawaandikia ninyi nyote mnaonipigia, Wakenya, Wakongo na Watanzania wenzangu mliokulia huku, mnaonunua bunduki za bei nafuu mkitaka kuziboresha. Nilifanya kazi hiyo zaidi ya miaka ishirini kule Anoka, na kuna jambo moja sijawahi kuwasimulia.

Kabla ya jambo lenyewe, mjue nilivyoingia kwenye kazi hii, maana ndilo swali lenu la kwanza siku zote. Nyumbani Morogoro nilikuwa mkereza vyuma katika karakana ya reli, mwanamke peke yangu kwenye safu ya mashine nane. Nilipofika Minnesota nikafanya kazi ambayo mama zenu wengi wameifanya, kutunza wazee. Nilikuwa Hopkins, kwenye nyumba ya wazee, na mmoja wa niliowatunza alikuwa mke wa mzee Arvid. Arvid alikuja kila siku mchana kumlisha mkewe supu. Siku moja breki ya kiti cha magurudumu cha yule mama ililegea. Fundi wa nyumba alisema angekuja wiki ijayo. Mimi nikachukua kipande cha chuma cha mlango wa zamani, nikakipiga tupa wakati wa mapumziko, nikakifunga. Arvid alikishika, akakigeuza kwenye mwanga wa dirisha muda mrefu. Alizungumza Kiingereza cha polepole, nami hapa nayaandika maneno yake kwa lugha yetu.

"Nani alikufundisha kushika tupa?" akaniuliza.

"Karakana ya reli," nikamjibu.

Miezi sita baadaye, baada ya kumzika mkewe, alirudi pale Hopkins akanisubiri kwenye maegesho. Akasema ana duka dogo la ufundi wa bunduki nyuma ya nyumba yake kule Anoka, ana meza mbili za kazi, na moja haina mtu. Nilimwambia sijawahi kushika bunduki maishani. Akasema, "Hilo nitakufundisha kwa wiki moja. Lile lingine lingenichukua miaka kumi."

Nilicheka. Kumbe alisema kweli.

Watu hudhani fundi wa bunduki anatengeneza vitu vya sinema. Kazi yetu kubwa ilikuwa kupokea bunduki za watu wa kawaida, madereva, walimu, wapiga rangi, watu walionunua kitu cha bei nafuu kwa sababu ndicho walichokiweza, na kukifanya kipige pale kinapoelekezwa. Bunduki ya bolti ni chombo rahisi. Unainua mkono wa bolti, unauvuta nyuma, unausukuma mbele na risasi inaingia, unaushusha, imefungwa. Kiwandani hawafanyi uzembe kwenye mtutu. Mtutu wa bunduki ya bei nafuu mara nyingi ni mzuri kabisa. Wanapookoa gharama ni kwenye kitako, kwenye kifyatulio ambacho ninyi mnaita triga, na kwenye vifungo vya darubini ya kulengea shabaha.

Kwa hiyo mkiniletea bunduki, cha kwanza nachukua kipande cha karatasi, nakipitisha kati ya mtutu na kitako, kutoka mbele kurudi nyuma. Kikikwama, plastiki inaugusa mtutu, na kila mtutu unapopata moto utapiga mahali pengine. Unakwangua kwa msasa uliozungushwa kwenye kijiti mpaka karatasi ipite bila kugusa. Nusu saa, na bunduki imekuwa nyingine. Cha pili nashika skrubu za darubini. Kuna bwana mmoja alikuja kwa hasira akitaka mtutu mpya, anasema bunduki yake inapiga kila upande isipokuwa kwenye shabaha. Nilizifungua skrubu zake za darubini kwa kidole. Kwa kidole, bila bisibisi. Arvid akamwangalia, akamwambia, "Mtutu wako ni mzima. Darubini yako ndiyo iko likizo." Tukamfungia, na mwaka uliofuata alituletea soseji za kulungu.

Makosa nilifanya mengi. Bunduki hizi za bei nafuu, chuma chake hukaa ndani ya kitako kwa kulegalega, na dawa yake ni kuweka gundi ngumu ya epoksi chini ya chuma ili ikauke kwa umbo la chuma chenyewe, kama mguu unavyoacha alama kwenye tope. Kabla ya hapo unapaka nta kila mahali ambapo hutaki gundi ishike. Sisi tulitumia rangi ya viatu. Mwaka wangu wa kwanza nilipaka kila mahali isipokuwa sehemu moja nyuma, yenye ukubwa wa kucha. Kesho yake chuma na kitako vilikuwa kitu kimoja. Nilivuta, nikagonga, nikaanza kuvuja jasho katika mwezi wa Januari. Arvid akaja, akaitazama.

"Umewafungisha ndoa," akasema.

Akaichukua, akaichomeka kwenye theluji nyuma ya duka, akaiacha siku mbili. Siku ya tatu aliibana kwenye jiliwa, akaigonga mara mbili kwa nyundo ya mpira, na chuma kikaruka kutoka kwenye kitako kwa mlio kama wa jino linapong'oka. Chuma na gundi havisinyai sawasawa kwenye baridi, ndiyo siri yake. Mwenye bunduki hajui mpaka leo. Mimi nilijifunza kupaka rangi ya viatu, lakini somo la pili, kwamba baridi ya huku inaingia kwenye kila kazi ya mikono yako utake usitake, hilo lilinipita sikioni.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Furaha alikuwa Mkongo wa Uvira, nilifanya naye kazi kule Hopkins kabla sijahamia kwa Arvid, na alinihesabu dada yake. Yeye na mumewe Elie waliishi Frogtown, hapa hapa Saint Paul, mitaa miwili kutoka University Avenue, na watoto wanne. Elie alifanya kazi ghalani, na wenzake wa kazini walimchukua kuwinda. Alipenda. Alinieleza kwamba ndiyo mara ya kwanza tangu awe mtu mzima kuingia porini bila kuwa anakimbia. Furaha hakutaka bunduki nyumbani mwake kwa vyovyote. Walibishana mwaka mzima. Mwishowe akakubali iwekwe kwenye kabati la chuma na ufunguo akae nao yeye.

Elie alinunua bunduki ya bei ya chini kuliko zote. Kidole chake cha shahada kilivunjwa kule kwao na kikaunga vibaya, na kifyatulio cha bunduki zile za miaka ile kilikuwa kigumu kama bawaba ya geti. Akivuta, bunduki nzima inatikisika. Akaniletea. "Dada Rehema, unirahisishie kidogo," akasema. "Niko navuta kama ng'ombe."

Ilikuwa Oktoba. Mwezi huo foleni ilitoka dukani mpaka kwenye bustani ya maua ya marehemu mke wa Arvid, kila mtu anataka bunduki yake kabla msimu haujafunguliwa. Na mimi msimu ule nilikuwa nimegundua njia yangu. Nilipunguza springi ya kifyatulio, nikang'arisha vile vipande viwili vidogo vya chuma vinavyoshikana ndani, kisha nikapaka grisi nzito kidogo ili viteleze. Ukivuta, kilikatika kama kijiti kikavu. Watu walinisifu. Mmoja aliniambia hajawahi kushika kitu kama kile hata kwenye bunduki za matajiri. Nilijisikia fundi wa kweli, na niseme ukweli, nilijisikia kwamba nimempita Arvid.

Nilifanya saba kwa njia hiyo.

Arvid alikuwa na utaratibu wa kupima. Bunduki tupu, bila risasi, unaipiga ubavuni kwa nyundo ya mpira, unagonga kitako chake sakafuni, unafunga bolti kwa nguvu mara nyingi, na kifyatulio kisijiachie hata mara moja. Halafu unailaza usiku kucha kwenye friza, karibu na samaki wake, na asubuhi unarudia yote. Ndipo unasaini kadi ya kazi, naye anasaini chini yako. Nilipiga nyundo. Niligonga sakafuni. Lakini friza ilikuwa imejaa samaki mpaka juu, foleni iko nje, na duka letu lina joto zuri. Nilisaini kadi saba. Arvid, aliyekuwa mbioni kama mimi, akasaini chini yangu.

Jumamosi ya kufungua msimu, Elie alimwomba Furaha waende pamoja. Alitaka aone kwamba pori la huku ni kimya tu na baridi, hakuna mtu anayemwinda mtu. Kulikuwa kumepambazuka. Furaha alitangulia hatua chache njiani, amevaa fulana ya rangi ya machungwa juu ya koti, anatazama barafu kwenye majani. Elie akasimama kutia risasi. Akaelekeza mdomo wa mtutu chini na pembeni, kama nilivyomfundisha. Akafunga bolti.

Saa tatu asubuhi aliingia dukani kwetu na bunduki ndani ya mkoba wake, uso umekuwa wa kijivu. Alikuwa amemwacha Furaha kliniki, anashonwa.

"Sikugusa détente," akasema, ndiyo triga kwa Kifaransa chao. "Dada, naapa. Niko nafunga tu, ikalia yenyewe. Risasi iligonga udongo, udongo iko jiwe kwa baridi, kipande kikaruka, kikamkata hapa." Akagusa shavu lake, chini ya jicho. "Hiyo si kitu, itapona. Lakini alianguka, akalala kifudifudi, mikono juu ya kichwa. Namwita, hainuki. Namwita. Halafu akageuka kuniangalia. Aliniangalia kama mimi ni mmoja wa wale."

Sikuhitaji kuuliza wale ni akina nani.

Duka lilikuwa na wateja watano. Arvid aliichukua bunduki, akahakikisha haina risasi, akatoka nayo nje akaiegemeza ukutani kwenye baridi. Tulisubiri nusu saa. Mimi nilisimama mlangoni, sikuweza kuhudumia mtu. Kisha akaishika pale pale nje akaanza kufunga bolti. Mara ya kwanza kimya. Ya pili kimya. Ya tatu, *tik*. Pini inayogonga risasi ilikuwa imeruka yenyewe. Akarudia. Katika mara kumi, ilijiachia mara tatu.

"Uliweka grisi," akasema.

"Ndiyo."

"Uliiweka kwenye friza?"

"Hapana."

Grisi ilikuwa imeganda kama mafuta ya ng'ombe, na springi niliyoidhoofisha haikuwa na nguvu ya kukirudisha kile kipande mahali pake. Kitu cha unene wa unywele. Arvid hakunifokea. Aliingia ndani, akawaomba wale wateja watano watoke, akageuza kibao cha mlangoni kikasema tumefunga, siku ambayo duka kama letu hupata riziki ya mwaka mzima. Mimi nilichukua gari la duka, nikalifuata la Elie mpaka kliniki.

Furaha alikuwa amekaa kitandani na bandeji shavuni, fulana ya machungwa imekunjwa magotini pake vizuri kama nguo ya kanisani. Elie alibaki mlangoni. Nikamwambia, "Furaha, si Elie. Ni mimi. Niliifanyia kazi vibaya na nikasaini kwamba nimeipima." Nilikuwa nimeandaa maneno mengine ya kuomba msamaha, mengi, kwenye gari nilikuwa nayarudiarudia.

Hakuyangoja. "Iko ngapi zingine?" akauliza.

Nadhani hapo ndipo nilipoelewa. Mpaka dakika ile nilikuwa nafikiria bunduki moja, na uso mmoja.

"Sita," nikasema.

"Ziko wapi?"

"Porini. Leo ni siku ya kwanza."

"Basi unakaa hapa na mimi kwa nini?"

Nikasimama nikatoa ufunguo wa gari la duka, ukaanguka. Nikauokota, ukaanguka tena. Furaha aliteremka kitandani, akauokota yeye. "Elie, rudi kwa watoto," akasema. "Huyu hawezi kuendesha. Nitaendesha mimi."

Nesi alimwambia apumzike. Akamjibu kwamba yeye mwenyewe anatunza wagonjwa na anajua shavu halikanyagi breki.

Tulipofika dukani Arvid alikuwa ameshapanga kadi sita mezani na simu iko sikioni. Watu wawili walikuwa bado nyumbani, wakazileta wenyewe kabla ya adhuhuri. Watatu hawakupokea. Mmoja alikuwa mzee wa Anoka pale pale, mkewe akatuambia yuko kwenye shamba la shemeji yao, amepanda kwenye kiti chake cha juu ya mti, na simu huizima ili kulungu wasisikie. Tukaenda. Tuliliona gari lake kando ya mahindi yaliyovunwa, lakini mtu hatumwoni, na huwezi kuingia porini siku ile kumtafuta mtu mwenye bunduki, hasa bunduki ile. Furaha akasema, "Sasa tutafanya nini?" Kisha, bila kungoja jibu langu, akaweka mkono kwenye honi akauacha hapo.

Alipiga honi dakika kumi nzima. Nadhani kulungu wote walikimbilia jimbo la jirani, Wisconsin. Mwishowe yule mzee alitoka kwenye miti amekuwa mwekundu, anatukana tangu mbali, bunduki begani. Furaha akashuka. Alibandua bandeji akamgeuzia shavu, nyuzi zikiwa bado mbichi. Mimi nikaeleza. Yule mzee aliielekeza bunduki ardhini, akavuta bolti taratibu, risasi zikaanguka kwenye majani moja moja. "Mjukuu wangu alikuwa aje mchana," akasema.

Furaha hakutaka kuzigusa bunduki. Lakini zilipokaa kiti cha nyuma, ndani ya mikoba yake, tupu, alivua kitenge alichojifunga chini ya koti akazifunika. "Sipendi zinitazame," akaniambia. Siku mbili tulizunguka hivyo. Jumapili baada ya ibada tuliwapata wa nne na wa tano, mmoja Saint Paul, mwingine kambini kaskazini, ambaye hatukumpata mpaka jirani yake alipoenda kumwita kwa miguu. Katika mwendo huo wote Furaha hakuniambia kwamba amenisamehe, na mimi sikumwomba. Tulizungumzia njia, mafuta ya gari, na mara moja aliniuliza kama Morogoro kuna milima. Nikamwambia ipo. Akasema Uvira pia ipo, nyuma ya mji, na kwamba wao walikimbilia huko.

Wa sita tulimfikia Jumatatu, Hopkins, kwenye majengo ya zamani ya kupanga. Alifungua mlango akiwa na kikombe cha kahawa, kijana mchangamfu. Alisikiliza akitikisa kichwa, kisha akasema hana tena ile bunduki. Alikuwa amehamishwa kikazi, akaiuza wiki mbili zilizopita, kwenye maegesho ya pale pale chini, kwa mtu aliyejibu tangazo lake.

"Jina lake?" nikauliza.

Hakumbuki. Namba ya simu alikuwa ameifuta. Gari la buluu. Mtu mwenye ndevu, mpole.

"Alikuwa peke yake?" Furaha akauliza.

"Hapana. Alikuwa na binti yake kwenye kiti cha nyuma. Alisema anamnunulia yeye, ni msimu wake wa kwanza. Nilimwambia ana bahati, triga yake ni laini sana."

Arvid alituma namba ya ile bunduki kwa kila duka na kila uwanja wa shabaha alioujua, na kwa kiwanda, na kwa ofisi za serikali za wilaya zote za karibu. Tulibandika matangazo. Mimi nilisoma habari za msimu ule mstari kwa mstari, na za msimu uliofuata. Hakuna aliyejitokeza. Jioni ya ile Jumatatu nilimwambia Arvid kwamba naondoka kazini. Alinionyesha kadi ya Elie. Palikuwa na saini yangu, na chini yake saini yake.

"Mstari wa pili upo ili mtu aangalie," akasema. "Sikuangalia. Ukiondoka, nitabaki na nani anayejua hilo?"

Nilibaki. Hakuniruhusu kugusa kifyatulio kwa miaka miwili, na alinunua friza ya pili ambayo haikuruhusiwa kuingia samaki. Zile sita tulizozipata, ukihesabu na ya Elie, tuliziwekea vifyatulio vipya vizima, kwa gharama ya duka. Ya Elie ilikaa rafuni kwetu, hakuja kuichukua. Msimu wa tatu walikuja wote wawili. Furaha alitaka kuipima mwenyewe. Ilikuwa imelala kwenye friza tangu jana yake. Akaishika kwa mara ya kwanza, na glovu za jikoni, mdomo wa mtutu kwenye ndoo ya mchanga, akafunga bolti mara arobaini akitega sikio kila mara kama anasikiliza kifua cha mtoto. Kisha akamkabidhi mumewe. "Peleka," akasema. Yeye mwenyewe hajaingia tena porini. Tunaonana kanisani. Kovu limebaki mstari mwembamba, na akicheka halionekani.

Kazi imebadilika sana tangu wakati ule. Siku hizi hata bunduki ya bei nafuu inatoka kiwandani na kifyatulio unachoweza kukirekebisha kwa skrubu moja, na kiwanda kimeandika kikomo cha chini. Usikivuke. Kama hakikutoshi, nunua kifyatulio kizima kilichotengenezwa kwa bunduki hiyo, na kifungwe na fundi. Vitako vikwangueni mpaka karatasi ipite, skrubu zikazeni kwa kipimo, hayo fanyeni wenyewe, nitawaazima msasa mpaka uishe. Lakini springi hazikatwi. Ndani ya kifyatulio hakuingii tupa wala grisi. Na hakuna bunduki inayotoka mikononi mwenu kwenda porini Novemba kabla haijalala kwenye baridi ikiwa tupu na kupimwa ikiwa na baridi hiyo hiyo. Yule jamaa wa kwenye video anakaa wapi? Mnajua kama kwake huganda?

Arvid alifariki nami nikafunga duka miaka mitatu iliyopita. Kila Oktoba naenda uwanja wa shabaha, wakati watu wanapozirekebisha darubini zao, na nawaomba wanipe bunduki zao nizipime bure. Wananidhania mzee asiye na kazi. Nazigeuza, nasoma namba. Jumamosi ya kufungua msimu sili kitu mpaka jua lizame. Nawaza mambo mawili. La kwanza, kwamba baba yule mpole aliipeleka kwa fundi mwangalifu kuliko mimi, au grisi ile ilikauka yenyewe, au bunduki imelala kabatini kwa sababu binti alipenda mpira zaidi. La pili silisemi.

Yule binti sasa atakuwa na miaka thelathini na kitu. Hasomi Kiswahili, najua. Lakini ninyi mko naye. Mnafanya kazi naye wodini, watoto wenu wanasoma na wake, mnakaa naye kwenye foleni ya kahawa. Huku watu hupenda kusimulia bunduki yao ya kwanza. Siku mwenzenu mmoja akiwaambia kwamba baba yake alimnunulia ya kwake kwenye maegesho ya Hopkins, akiwa amekaa kiti cha nyuma cha gari la buluu, tafadhali msimkatize. Mwulizeni asubuhi ile ya kwanza ilikuwaje. Kisha nipigieni simu, hata kama jibu ni baya.